Mkonga, Landrova au Prado: gari la zamani la kutoka Nachingwea hadi Victoria Falls

"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Nachingwea. Mimi na mke wangu tumeweka akiba ya kununua gari la zamani la fowili (linalovuta kwa magurudumu yote manne) tulitengeneze taratibu, kisha likizo ndefu tutoke na watoto wetu wawili, wa miaka sita na kumi. Tunataka kupita Tunduru, Songea, Mbamba Bay na Mbeya, tuvuke Tunduma, tuifuate Zambia hadi Victoria Falls. Nimeonyeshwa magari matatu na bei zake zimekaribiana: Land Cruiser ndefu ya kazi, ile tunayoiita mkonga, iliyokuwa ya misheni yenye injini ya 1HZ, Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, na Prado ya 1998 yenye injini ya 1KZ. Mimi naipenda Landrova, mke wangu anataka Prado, jirani anasema mkonga. Nichukue lipi?"

Marahaba, Mwalimu. Chukua mkonga, kwa masharti mawili: chesisi yake (fremu ya chuma inayobeba gari zima) iwe nzima, na uwe tayari kuifunga viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda, kabla watoto hawajapanda. Sharti lolote likishindikana, chukua Prado ya mama watoto. Landrova naiweka ya tatu, na najua hapo sijakufurahisha, kwa hiyo nitakupa sababu zangu zote.

Kwanza tuitazame njia yenyewe, kwa sababu watu wengi hununua gari la matope kwa safari ya lami. Kutoka Masasi kupita Tunduru hadi Songea ni lami. Mbinga hadi Mbamba Bay lami imefika. Kutoka huko ziwa Nyasa utarudi Songea, upandishe milima ya Lukumburu kwenda Njombe na Makambako, ndipo ugeukie Mbeya na Tunduma. Ukishavuka, hadi Livingstone ni zaidi ya km 1,400 na barabara kuu ni ya lami, ingawa yapo maeneo yenye mashimo. Kwenda na kurudi hupungui km 5,000. Matope na mchanga vitakuwa sehemu ndogo, labda ukiingia hifadhini au ukifanya mazoezi upande wa Liwale. Kitakachoitesa gari yako ni mzigo wa familia nzima, milima mirefu kwenye jua, na umbali kati yako na duka la spea. Kwa hiyo pima haya matatu: linabeba kiasi gani bila kuumia, injini inavumilia joto vipi, na likiharibika Mpika kule Zambia au Namtumbo nani ataligusa.

Kabla ya injini, lala chini ya gari. Injini ikifa utanunua nyingine ya mtumba na kuifunga. Chesisi ikiliwa na kutu umebaki na kadi na vipuri.

Ukanda wetu huu ni wa chumvi. Gari lililokaa Mikindani, Lindi mjini au Kilwa limepumua upepo wa bahari maisha yake yote, na pale Msimbati watu hupita nalo ufukweni kabisa, maji yakirukia chini. Yapo yaliyobeba samaki, barafu ikayeyuka na kuchuruzika kwenye sakafu miaka na miaka. Yapo pia yaliyobeba salfa ya kupulizia mikorosho, na hili watu hawalifikirii. Salfa ikimwagika chini ya mazulia ikakutana na unyevu hula chuma, tena kwa bidii kuliko maji matupu. Inua mazulia yote. Ukikuta vumbi la njano kwenye kona za sakafu, chokoa hapo kwa bisibisi, usimwonee muuzaji haya.

Chesisi za magari haya ni chuma cha boksi, kitupu ndani. Mchanga na maji ya chumvi huingia kupitia matundu na kutulia humo, kisha kutu hula kuanzia ndani kuja nje. Ndiyo maana jicho pekee halitoshi. Chukua nyundo ndogo, gonga polepole kuanzia mbele hadi nyuma, pande zote mbili, juu na chini. Chuma kizima hulia mlio mkali. Kilicholiwa hutoa mlio mzito, na mara nyingine nyundo hudidimia. Zidisha umakini pale steringi boksi inapofungwa, kwenye mashikio ya springi za nyuma, na karibu na tangi la mafuta. Ukikuta chini pamepakwa lami nyeusi mpya wiki chache kabla ya kuuzwa, ulizia sababu, na kama muuzaji hataki ukwangue kidogo, achana na gari hilo.

Hapa ndipo Landrova inapowapotosha wanunuzi wengi. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo gari linaonekana zima hata likiwa limechoka. Lakini chesisi ni chuma cha kawaida, na ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni chuma. Tena aluminiamu ikishikana na chuma mahali penye chumvi, aluminiamu yenyewe huanza kutoa unga mweupe na kumomonyoka kwenye maungio. Tazama boriti ya nyuma ya chesisi, pale panapofungwa ndoano ya kuvutia, na mikono inayotokeza pembeni kushika bodi. Hizo ndizo sehemu zinazotangulia kufa. Mkonga ina bodi ya chuma, kwa hiyo kutu yake huonekana mapema: mifereji ya maji ya paa, kuzunguka kioo cha mbele, chini ya milango ya nyuma. Tundu la bodi hufungwa na fundi wa kuchomelea kwa siku moja. La chesisi ni kesi nyingine kabisa.

Sasa injini. 1HZ ilianza kutoka mwaka 1990. Ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya dizeli ni ya chuma na springi, haina kompyuta ya kuiamrisha. Haina haraka. Ukiwa umejaza mzigo, kupanda Lukumburu malori mapya yatakupita, na wewe utabaki gia ya tatu geji ya joto ikiwa imetulia. Hicho ndicho unachokinunua. Ni injini iliyotumiwa na misheni, hospitali, halmashauri na kampuni za utalii Tanzania na Zambia kwa miongo mitatu, kwa hiyo fundi wa Mpika au Serenje ameshaifungua kabla hujafika. Akikujia mtu kukushauri uiongezee turbo ili iwe na nguvu, mkatalie. Haikuundwa kwa joto hilo, na hedi zake (kichwa cha injini kinachofunika silinda) hupasuka kwa tamaa hiyo.

1KZ ya Prado ni lita 3.0, silinda nne, turbo, na ya 1998 pampu yake inaamrishwa na umeme. Inavuta vizuri, ni tulivu, na spea zake ziko kila mji kwa sababu Prado na Toyota Surf zimeingia nchini kwa wingi sana. Udhaifu wake unajulikana: hedi ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na ikichemka hata mara moja kwa nguvu hupasuka kati ya vali. Kwa hiyo Prado nzuri ni ile ambayo mfumo wake wa maji haujawahi kuchezewa. Fungua kifuniko cha rejeta asubuhi injini ikiwa baridi. Ukiona maji ya bomba yenye kutu badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), umeshaambiwa habari za mwenye gari. Washa, kifuniko kikiwa wazi, tazama kama vinatoka vipovu visivyokwisha. Hiyo ni hewa ya silinda inapenya kwenye maji, na bei ya gari haijalishi tena.

300Tdi ya Landrova yako ni injini ninayoiheshimu. Lita 2.5, turbo, haina kompyuta, inakula mafuta kidogo kuliko hizo mbili, na mtu mwenye spana za kawaida anaweza kuifungua chini ya mwembe. Nayo ina hedi ya aluminiamu, kwa hiyo yale niliyosema ya kuchemka yanaihusu. Taimingi belti yake ina sifa ya kutembea pembeni na kujikwangua kwenye injini za mwanzo, kwa hiyo lazima mfuniko ufunguliwe na puli zikaguliwe kabla ya safari ndefu. Gia boksi na transfa (boksi la gia za fowili) huvuja oili, na kuvuja huko si tatizo mradi unaongeza. Kinachoniogopesha ni spea. Huku Kusini mtu akihitaji kitu cha Landrova mara nyingi anapiga simu Dar es Salaam, Gerezani, na mzigo unakuja kwa basi. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mei 2024 barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika, na aliyekuwa anasubiri spea alisubiri. Ungekuwa Arusha, penye mafundi wengi wa Landrova, ningeandika jibu tofauti.

Watu watakuambia mkonga inakunywa mafuta. Ni kweli, na hebu tupige hesabu badala ya kuogopa. Ukiwa na mzigo, mkonga itakula lita 13 hadi 15 kwa km 100, na Landrova lita 11 au 12. Chukua tofauti ya lita 3. Kwa km 5,000 ni lita 150. Linganisha na gharama ya hedi moja, gasketi, kazi ya fundi na siku za kulala nyumba ya wageni Njombe na watoto.

Viti, Mwalimu, naomba usivipuuze. Mkonga nyingi za misheni zina mabenchi mawili marefu nyuma, abiria wakitazamana, bila mikanda. Kwa safari ya kwenda kanisani watu wameyazoea. Kwa km 5,000 za barabara kuu yenye malori sikubali mtoto akae humo. Tafuta kiti cha safu ya pili cha gari jingine chenye mikanda yake, kikiwa na fremu imara, kifungwe kwa bolti zinazopenya sakafu na kushikwa kwa vipande vya chuma chini, na inapowezekana zifike kwenye mihimili. Mikanda ya mabegani ishikwe kwenye nguzo za bodi, si kwenye bati. Kazi hii mpe fundi bodi anayeheshimika, na ukimaliza, vuta kiti kwa nguvu zako zote huku mtu akitazama chini kama sakafu inacheza. Mtoto wa miaka sita ataongezewa kiti cha kumwinua ili mkanda upite begani, usimpite shingoni. Kama bajeti hairuhusu kazi hii kufanyika vizuri, basi mke wako yuko sahihi, nendeni na Prado, ambayo imetoka kiwandani na viti na mikanda mahali pake.

Halafu uzito, ambao ndio unaoua haya magari barabarani. Hesabu nami. Ninyi wanne ni kama kg 190. Maji lita 60 ni kg 60. Dizeli, ukijaza matangi mawili ambayo mkonga nyingi zinayo, ni karibu kg 150. Keria na hema la juu, kg 100. Tairi la akiba la pili, 35. Friji na betri yake, 50. Vifaa na spea, 40. Vyakula, gesi na nguo, 80. Bampa la chuma na winchi, 90. Jumla inakaribia kg 800. Mkonga yenye springi nzima za bapa nyuma inaweza kubeba huo na bado ikaenda. Prado yenye springi za koili itainama nyuma, taa zitatazama mawinguni, breki zitachoka kwenye miteremko, na shokapu zitakufa kabla ya Lusaka. Sasa ondoa hema la juu, keria, bampa na winchi. Umeshusha kg 190 na hujapoteza kitu unachokihitaji kwenye njia hii. Laleni kwenye hema la chini la turubai zito. Kwa kukwama, beba sepeto, jeki nzuri yenye ubao mpana wa kuweka chini yake, kamba ya kuvutia na mbao mbili ngumu. Ukifika kwenye mchanga, punguza upepo hadi 18 au 20 kwa kipimo cha psi kabla hujakwama, na uwe na pampu ndogo ya umeme ya kujazia tena.

Tairi nalo lina neno. Mkonga za zamani hutembea na 7.50R16 zenye tyubu na rimu za vipande, ambazo kila fundi tairi wa kijijini anaweza kuzifungua kwa nyundo na mtaimbo. Ukiona zinakusumbua kwa mlio na mtikisiko, weka rimu nzima na 235/85R16, ambazo kimo chake kinakaribiana sana nazo. Usipande tairi kubwa zaidi ya hapo. Tairi kubwa huongeza mzigo kwenye beringi, difu na breki, na geji ya mwendo itakudanganya mbele ya trafiki.

Siku ya kujaribu gari, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Ikiwaka baridi, moshi mweupe wa muda mfupi si kitu. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inaungua. Fungua mfuniko wa oili injini ikinguruma: pumzi kidogo ni kawaida, lakini ikitema kama chungu kinachochemka, pete za pistoni zimechoka. Kisha usilizungushe mitaa miwili ukaridhika. Lipeleke Masasi, ulipandishe mlima wa kwenda Newala na watu wanne ndani, saa ya jua kali. Juu simama, liache lingurume, tazama geji, tazama chini kama panadondoka, nusa. Ingiza fowili na gia nzito kwenye vumbi, si kwenye lami kavu, usikie kama inaingia na kutoka. Inua magurudumu ya mbele, shika tairi juu na chini utikise. Likicheza, beringi au pini zinahitaji kazi, na hiyo ni sababu ya kushusha bei tu.

Ukikuta mahali pa themostati (vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) ni patupu, uliza kwa nini. Kuna desturi mbaya ya mafundi kuitoa gari likichemka. Kwenye injini ambazo themostati pia huziba njia ya mkato ya maji, kuitoa kunaruhusu maji ya moto kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na ukiwa mlimani hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Irudishe, na utafute chanzo cha kuchemka.

Karatasi ni fupi kusema: namba iliyochongwa kwenye chesisi, upande wa kulia mbele, ilingane na kadi, herufi kwa herufi, na mikwaruzo isiwepo. Kadi ihamishiwe jina lako kabla ya safari, kwa sababu mpakani watauliza gari ni la nani. Bima ya kadi ya njano ya COMESA utaikata hapa hapa Tanzania. Na usishawishike kuagiza gari la umri huo nje. Ushuru wa uchakavu utakula pesa ya matengenezo.

Pesa ya matengenezo, itenge kabla ya kununua. Kama una shilingi tatu, gari liwe la shilingi mbili. Ile moja ni ya taimingi belti (ibadilishe siku unaponunua, hata muuzaji akiapa ni mpya), mipira yote ya maji, kulanti, kusafisha rejeta, oili za injini, gia boksi, transfa na difu zote mbili, beringi za mbele, bushi, pedi na viatu vya breki, shokapu, betri na tairi tano za aina moja. Ndani hutaona mabadiliko yoyote na wageni watasema hujafanya kitu. Baada ya hapo litumieni. Nendeni Liwale, nendeni Kilwa, laleni nje Ruvula kule Msimbati, na mkirudi mlioshe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani ya matundu ya chesisi pia. Kila safari fupi itakuonyesha kipi kinalegea na kipi hamkukigusa kabisa, na hapo ndipo mtajua kama mnahitaji friji, droo za mbao au betri ya pili.

Spea za kubeba kwenye mkonga ni chache: belti, mipira miwili ya maji, chujio za dizeli tatu, gasketi ya themostati, beringi moja ya mbele na grisi yake, bapa kuu la springi, fyuzi, waya na kulanti lita tano. Ikiwa mtaishia na Prado, acha bapa la springi, ongeza mfuniko mpya wa rejeta, na funga kifaa cha kupiga kelele maji yanapopungua au hedi inapopata joto. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini kinakupa dakika ya kuzima injini kabla hedi haijapasuka. Kwa 1KZ kifungwe kabla ya hema, kabla ya friji, kabla ya kingine chochote.